Sabasaba ya Osaka

Kila mwezi wa Machi, mlango wa friji katika mgahawa wa Bibi ulibandikwa karatasi iliyokatwa gazetini. Mgahawa wenyewe ulikuwa wa viti tisa, ukiuza udoni, zile tambi nene za mchuzi ambazo mtu wa Osaka hachoki kuzila. Karatasi ilikuwa na majina ya wanamieleka wa sumo, na mbele ya kila jina viduara kumi na tano. Aliyeshinda, kiduara chake kinabaki cheupe. Aliyeshindwa, kinapakwa weusi. Wajapani huviita nyota. Bibi alivipaka mwenyewe kwa kalamu yenye ncha ya brashi, jioni baada ya jioni, mikono ingali na unga, na mteja aliyetaka kulipa alisubiri.

Nilifika Osaka mwishoni mwa 1999 kusomea uhandisi wa maji, nikitokea Tanga na sweta moja. Sumo niliijua kama wengi wa kwetu wanavyoijua: mijitu minene iliyofungwa nepi. Mieleka kwangu ilikuwa ile ya Marekani tuliyoiona kwenye kanda za video, mtu anapanda kamba na kuruka huku akipiga kelele. Kwa hiyo mfanyakazi mmoja wa maabara yetu aliponipa tiketi asiyoweza kuitumia, ya siku ya mwisho ya mashindano ya Machi 2000, nilikwenda kwa sababu tu ni Jumapili na sikuwa na pa kwenda.

Mashindano makubwa ya sumo hufanyika mara sita kwa mwaka, siku kumi na tano kila mara, na ya Machi ni ya Osaka, katika ukumbi wa michezo wa mkoa ulio karibu na stesheni ya Namba. Hakuna fainali. Kila mmoja wa daraja la juu hupigana mara moja kwa siku, na mwenye ushindi mwingi siku ya kumi na tano ndiye bingwa. Siku hiyo wanaiita senshuraku. Inaweza kuwa siku baridi, bingwa keshajulikana tangu jana. Inaweza pia kuwa kama ile niliyoangukia mimi.

Mwanamieleka mmoja, Takatoriki, mzaliwa wa Kobe hapo jirani, alikuwa na umri wa miaka 32. Alishika nafasi ya mwisho kabisa katika daraja la juu. Angeteleza kidogo tu angeporomoka. Badala yake aliingia siku ya mwisho akihitaji ushindi mmoja, na akaupata. Haikuwahi kutokea mtu wa mkiani kuchukua Kombe la Mfalme. Ukumbi ulilipuka. Mzee aliyeketi kando yangu, ambaye tangu mchana hakunitupia jicho, alinishika mkono na kuutikisa kama tumetoka kuzaliwa mapacha. Takatoriki akalia mbele za watu, nami nikajikuta nalia pamoja naye, sijui hata kwa nini.

Zilipofika zawadi niligundua jambo. Mwezi uliotangulia Osaka ilikuwa imepata gavana mwanamke, Fusae Ota, wa kwanza katika Japani nzima. Tuzo ya gavana ilitolewa siku ile, lakini si kwa mkono wake. Aliomba, akakataliwa: mwanamke hakanyagi dohyo, ule ulingo wa udongo wenye duara la mita 4.55. Aliendelea kuomba, na hadi anaondoka madarakani mwaka 2008 hakuwa ameupanda.

Jioni ile nilikwenda kula udoni kwa Bibi nikiwa bado natetemeka kwa furaha. Nilimwuliza kwanza habari ya gavana. Akacheka puani. Alisema nyumba za wanamieleka haziendi bila mke wa mwalimu, yeye ndiye mshika hesabu, yeye ndiye anayewabembeleza wadhamini, yeye ndiye mama wa vijana wote wanaolala pale, ila udongo tu ndio haumtambui.

Kisha akaniuliza nimeangalia nini.

“Kombe,” nikamjibu.

“Kombe linaangaliwa na kila mtu, mwanangu. Mimi nakuuliza umemwangalia nani.”

Akanivuta hadi kwenye friji na kuniwekea kidole juu ya jina moja lililokuwa chini kabisa, mtu ambaye pambano lake lilimalizika wakati mimi bado nahangaika kutafuta kiti. Nyota saba nyeupe, saba nyeusi. Na ya mwisho, mpya, wino haujakauka vizuri, nyeusi.

Hapo ndipo nilipofundishwa kusoma. Katika mapambano kumi na tano mstari ni nane. Ushindi wa nane ni kachikoshi, unabaki au unapanda cheo. Kushindwa mara nane ni makekoshi, unashuka. Kwa vigogo kushuka ni aibu. Lakini kule chini, kwenye mpaka wa daraja la pili, juryo, na la tatu, makushita, kushuka ni maisha mengine. Juu ya mpaka ule mtu hulipwa mshahara wa mwezi, ana mkanda wa hariri wa rangi aipendayo, ana vijana wa kumbebea mizigo na kumsugua mgongo bafuni. Chini yake mshahara unakatika, hariri inakunjwa, mkanda unakuwa wa pamba nyeusi, na anayesugua migongo sasa ni yeye. Yote hayo huweza kuamuliwa kwa sekunde nne, saa nane mchana, watu wakiwa wanatafuna vitafunio na kuulizana choo kiko wapi.

“Huyu alikuwa saba-saba,” Bibi alisema.

Nilicheka, ikabidi nimweleze. Kwetu Sabasaba ni sikukuu, tarehe 7 Julai, siku ilipozaliwa TANU na siku ya maonyesho ya biashara Dar es Salaam. Na mwezi unaofuata tuna Nanenane, ya wakulima. Kwa hiyo mtu wa saba-saba kwetu yuko kwenye maonyesho, anatembea na koni ya aiskrimu. Bibi akatua mwiko. Akasema hata kwao tarehe 7 Julai ni sikukuu, Tanabata, siku nyota mbili zilizotenganishwa na mto wa mbinguni zinaporuhusiwa kukutana, na watu huandika maombi yao kwenye vikaratasi na kuvitundika kwenye mianzi. Tukatazamana. Tangu siku hiyo mwanamieleka mwenye saba kwa saba tulimwita Sabasaba, na akishinda tulisema amefika Nanenane. Alilitamka neno hilo vizuri kuliko walimu wangu walivyotamka jina langu. Lugha zetu mbili zote zinapenda kumalizia maneno kwa irabu, nadhani ndiyo sababu.

Miaka mitatu iliyofuata sikwenda tena ukumbini jioni. Nilikwenda asubuhi, siku ya kumi na tatu, ya kumi na nne, ya kumi na tano. Milango imefunguliwa, vijana wa madaraja ya chini wanapambana mbele ya viti vitupu, na unasikia mpaka nyayo zinavyokwaruza udongo. Mchana viti vinaanza kujaa, nami ndio nimemaliza kuona nilichokijia. Bibi alinipa orodha ya Sabasaba wote kwenye karatasi ya bili, na nilimrudishia majibu jioni kama mtoto aliyetumwa dukani.

Mwaka 2003 mwenzangu wa bweni, Mwindonesia aliyesomea uchumi, alinipa makala ya Wamarekani wawili, Mark Duggan na Steven Levitt, iliyochapishwa mwaka uliotangulia. Walikuwa wamepekua matokeo ya miaka kumi na moja, mapambano 32,000 hivi. Wakakuta kwamba mtu wa saba-saba, siku ya mwisho akikutana na mwenye nane kwa sita, yaani ambaye keshavuka, hushinda karibu mara nane katika kumi, ilhali hesabu zilimtabiria nusu tu. Na wakikutana tena baadaye, yule aliyesaidiwa huelekea kushindwa. Deni limelipwa.

Nilipanda baiskeli nikiwa na makala ile kama mtu anayepeleka habari za msiba. Bibi alinisikiliza huku akikatakata majani ya kitunguu. Wajapani wana neno la mchezo wa kupangwa, yaocho, na husemekana limetokana na muuza mboga mmoja, Chobei, aliyejiachia ashindwe kwenye mchezo wa ubaoni uitwao go ili asimpoteze mteja. Neno lina umri mkubwa kuliko mgahawa, kuliko Bibi. Alipomaliza kukata akauliza:

“Na wale wawili?”

“Wawili gani?”

“Umesema wanane wanashinda katika kumi. Wawili waliobaki nani aliwasaidia?”

Sikuwa na jibu. Nilirudi Tanga mwaka 2004 nikiwa bado sina, na kwa miaka kadhaa nilitazama siku za mwisho kwa jicho moja tu. Ushindi wa Sabasaba ulinitia shaka. Akishindwa ndipo nilipomwamini, na huo si utazamaji mzuri wa mchezo wowote.

Kisha ikaja 2010. Polisi walikuwa wanachunguza kamari haramu ya besiboli miongoni mwa wanamieleka, na kati ya waliofukuzwa alikuwamo Takatoriki, wakati huo akiwa mwalimu mwenye nyumba yake. Takatoriki wangu wa machozi. Katika simu zilizochukuliwa zikakutwa jumbe za kupangana, nani aanguke, aangukeje, kwa pesa ngapi. Mashindano ya Osaka ya Machi 2011 yakafutwa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1946. Yangeanza tarehe 13. Tarehe 11 ardhi ya kaskazini ikatetemeka na bahari ikapanda nchi kavu. Nilipiga simu Osaka nikihema. Bibi alikuwa mzima, kule hakukudhurika. Alichoniambia nakikumbuka kwa sababu hakikuhusu tetemeko: friji yake ilikuwa tupu mlangoni, na wateja walikuwa wakiuangalia mlango ule kwa mazoea.

Nilimtania baadaye kwamba nyumba ile ya Takatoriki ilipata mtu wetu. Kweli, Mmisri aitwaye Osunaarashi, jina lenye maana ya dhoruba kubwa ya mchanga, Mwafrika wa kwanza katika sumo ya kulipwa, alianza pale mwaka 2012. Julai 2014 alifunga Ramadhani na kupigana bila tone la maji, na akawaangusha mayokozuna wawili, watu wa cheo cha juu kabisa, siku mbili mfululizo. Nami nimefunga, midomo mikavu, nikashindwa kujizuia kupiga kigelegele ofisini.

Mara ya mwisho kumwona Bibi ilikuwa Machi 2017. Nilikuwa nimepelekwa Osaka kikazi kwa wiki mbili. Mgahawa ulikuwa umefungwa, miguu yake haikumruhusu kusimama, tukaangalia televisheni chumbani kwake ghorofani. Japani nzima ilikuwa nyuma ya Kisenosato, yokozuna mpya, mzaliwa wa Japani wa kwanza kufika hapo baada ya miaka kumi na tisa. Siku ya kumi na tatu aliangushwa vibaya akaumia bega la kushoto. Mshindani wake wa ubingwa, Terunofuji wa Mongolia, siku ya kumi na nne alimkwepa mpinzani aliyependwa na watu badala ya kumkabili, na ukumbi ukamzomea. Kuna waliompigia kelele arudi kwao Mongolia. Nilizisikia kelele hizo nikiwa nimeketi kwenye mkeka wa Bibi, mimi na rangi yangu. Bibi akapunguza sauti ya televisheni.

Siku ya mwisho Kisenosato, sasa akiwa nyuma, alitakiwa kumshinda Terunofuji mara mbili, pambano la kawaida kisha la mchujo, kwa mkono mmoja uliofungwa bendeji. Akamshinda mara mbili. Wimbo wa taifa ulipopigwa machozi yakamtoka, na nadhani nchi nzima ililia naye. Miaka kumi na saba nyuma ningelia.

“Mtazame yule mwingine,” Bibi alisema. “Goti lake.”

Alikuwa sahihi kuhusu goti. Na bega nalo halikupona tena, Kisenosato akastaafu Januari 2019. Bibi hakuyaona hayo. Mwanawe aliniandikia mwaka 2018.

Terunofuji, magoti yake yote mawili yakiwa mabovu na kisukari juu, alishuka kutoka cheo cha pili kwa ukubwa hadi daraja la pili kutoka chini. Machi 2019 alipigana Osaka asubuhi, saa zile za viti vitupu, akiwa amefunga pamba nyeusi. Nilitafuta picha zake kwenye simu. Zilikuwa za kutikisika, zimepigwa na mtu aliyekaa peke yake kule juu, mahali nilipozoea kukaa.

Mashindano ya Julai 2020 yalichelewa kwa sababu ya korona, yakahamishiwa Tokyo, watazamaji wachache wamekaa mbalimbali na wamekatazwa kupaza sauti. Yaliisha Jumapili ya tarehe 2 Agosti, kati ya Sabasaba yetu na Nanenane. Wao wako mbele yetu kwa saa sita, kwa hiyo nilianza asubuhi, chai mkononi. Terunofuji, aliyekuwa amerudi daraja la juu kwenye nafasi ya mkiani, ile ile ya Takatoriki, alihitaji kumshinda Mitakeumi. Kabla ya adhuhuri alimkumbatia, akamsukuma, akamtoa nje ya duara. Watu walipiga makofi tu. Makofi bila sauti yanafanana na mvua juu ya bati.

Binti yangu aliniuliza kama imekwisha. Nikamwambia bado, nikarudisha picha nyuma hadi juryo. Nilikuwa nimechapa ile karatasi ya nyota ofisini na kuibandika kwenye friji yetu, na kulikuwa na kijana mmoja kule chini mwenye saba kwa saba ambaye sikuwa nimemwona. Akaingia, akanyunyiza chumvi, akapigwa ngwara moja akalala. Nikachukua kalamu kumpaka. Haikuandika. Kalamu hizi za dukani zikisimamishwa dhidi ya mlango wino haushuki, na mimi miaka yote ile sikuwahi kujiuliza kwa nini Bibi alitumia brashi. Ikabidi niibandue karatasi, niiweke mezani.