Nyumba ya Mita Sita: Kuchagua Gari-Nyumba la Watu Wawili

Kama unadhani Wajerumani hawajui mapenzi, sikiliza hii. Mwaka 1931, katika mji mdogo wa Isny kusini mwa Ujerumani, kijana aitwaye Arist Dethleffs alikuwa akizunguka huku na huko kuuza mijeledi na fimbo za kutelezea kwenye theluji. Mchumba wake, Fridel Edelmann, alikuwa mchoraji, naye hakutaka kubaki nyumbani akihesabu siku. Alitaka kwenda naye, na akifika huko apate mahali pa kuchorea. Arist hakumtuliza kwa maua. Aliunda kijumba cha kuvutwa nyuma ya gari, akakiita Wohnauto, yaani gari la kuishi. Hadi leo Wajerumani wanakitaja kuwa karavani ya kwanza ya nchi yao.

Mnaona, jamani? Kumbe mambo haya yalianza kwa sababu ya wapenzi wawili waliokosa muda wa kuwa pamoja.

Mimi na mume wangu tunaishi Stuttgart, na tatizo letu ni lile lile. Yeye ni muuguzi, zamu zake nyingi ni za usiku. Mimi niko ofisi ya kusafirisha mizigo, naingia asubuhi. Tunapishana mlangoni kama walinzi wa geti: mmoja anaingia, mwingine anatoka. Akiba tulikuwa nayo, lakini ilikuwa na kazi yake: kumalizia nyumba yetu Tanga, ambayo imefika kwenye lenta. Mama aliposikia tunafikiria gari-nyumba, alicheka kwanza, kisha akanyamaza. "Mwanangu, nyumba ya matofali mmeiacha kwenye lenta, mnakwenda kununua nyumba ya matairi?"

Swali zito hilo. Basi tukawekeana masharti mawili. Gari lisile zaidi ya nusu ya akiba, na liwe imara, la kukaa nasi miaka kumi. Likikosa sharti moja, tunarudi kwenye lenta, hakuna kununiana.

Karibu Allgäu

Tulikwenda kutafuta kule kule kwa akina Arist na Fridel. Kutoka Stuttgart unapita Ulm na Memmingen, kama kilomita 180 hivi, mpaka ufike Isny. Ni nchi ya vilima vya kijani, ng'ombe wa kahawia wenye kengele shingoni, na milima ya Alps imesimama nyuma kama ukuta. Kampuni ya Dethleffs bado ipo hapo Isny. Ukienda Bad Waldsee, si mbali, utakuta kiwanda cha Hymer pamoja na makumbusho ya Erwin Hymer yaliyofunguliwa mwaka 2011, yaliyojaa karavani na magari-nyumba ya zamani.

Usiyaruke makumbusho hayo, hasa kama unakwenda kununua. Utajifunza kwamba vibasi vya Volkswagen, vilivyoanza kuundwa mwaka 1950, vilianza kufungwa samani za kulalia na kampuni ya Westfalia mwaka 1951. Kitanda, kabati, jiko dogo, basi. Watu walivuka milima na vitu hivyo. Ukitoka hapo ukaingia kwenye yadi ya muuzaji, ukaonyeshwa taa za rangi na televisheni inayoshuka kutoka darini, macho yako hayadanganyiki kirahisi.

Urefu: pimeni miili yenu kwanza

Magari mengi madogo ya aina hii Ulaya yamejengwa juu ya vani ya Fiat Ducato. Ukubwa unaopendwa ni mita 5.41, mita 5.99 na mita 6.36, na upana wa bodi ni mita 2.05. Hiyo ya 5.99 ina faida kwenye vivuko, kwa sababu vingi hutoza kwa urefu na mita sita mara nyingi ndiyo mpaka wa bei.

Lakini angalia kitanda. Katika vani fupi kitanda hulazwa kwa upana wa gari, na ukitoa unene wa kuta unabaki na chini ya mita mbili. Mume wangu ana mita 1.90. Alipolala, kichwa kiligusa ukuta huu na vidole vya miguu vikagusa ule. Pia anayelala upande wa ndani lazima amruke mwenzake akitaka kwenda msalani usiku. Usiku mmoja mnacheka, usiku wa ishirini hamchekani tena. Vani ya mita 6.36 inaruhusu vitanda viwili vya kulala kwa urefu wa gari, kila mtu anashuka kwa upande wake. Kwetu mjadala uliishia hapo.

Uzito: hapa ndipo wengi wananaswa

Leseni ya kawaida ya daraja B huko Ulaya imezoeleka kwa gari lisilozidi kilo 3,500 likiwa limepakiwa, na magari mengi ya wawili yamesajiliwa kwa kikomo hicho. Sasa piga hesabu. Tuseme karatasi inasema gari lina kilo 2,950 likiwa tayari kwa safari. Zimebaki kilo 550. Unaona nyingi, si ndiyo? Dereva amehesabiwa tayari, kwa kilo 75. Mwenzake hajahesabiwa. Turubai la kivuli la pembeni, baiskeli mbili na kibebeo chake, viti, vyombo, nguo, chakula, vyote vinatoka humo humo.

Halafu uliza swali hili, na usione aibu: maji yaliyohesabiwa ni lita ngapi? Wapo wanaohesabu lita 20 tu wakati tangi linachukua lita 100. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo kilo 80 zimefichwa hapo. Gari moja tulilolipenda sana, lenye kila mbwembwe, tulipolijumlisha lilibakiza nafasi ya mizigo isiyofika kilo 200. Tuliliaga kwa huzuni kidogo.

Unyevu: adui wa kimya kimya

Magari-nyumba yapo ya namna mbili. Kuna vani ya bati, ambayo mwili wake ni ule ule uliotoka kiwandani. Na kuna lile lililojengewa kijumba cha paneli nyuma ya kichwa cha gari, pana zaidi na la starehe zaidi. Paneli hizo zinaunganishwa kwenye kona, dirishani na kwenye matundu ya paa. Kiungo kikichoka, maji huingia taratibu, na kama ndani kuna fremu ya mbao, inaoza wewe ukiwa umelala unakoroma.

Kwa hiyo fungua makabati yote, hasa ya kona za juu, na uvute hewa kwa pua. Harufu ya uvundo haidanganyi. Bonyeza ukuta kwa dole gumba, pasiwe na mahali panapobonyea. Omba wapime kwa kipima unyevu mbele yako, na uone daftari la ukaguzi wa kila mwaka. Tulikuta gari la paneli linalong'aa kama sahani ya harusi, lakini kipimo kilipogusa kona ya juu ya nyuma, namba zikaruka. Muuzaji akasema ni jambo dogo. Mume wangu akamwambia, kwa Kijerumani cha upole kabisa, basi lirekebisheni kwanza.

Vani ya bati nayo ina yake: angalia kutu chini na kwenye fremu za milango, na uulize imewekewa nini cha kuzuia baridi ndani ya kuta. Kama mtasafiri kipindi cha theluji, tangi la maji safi liwe ndani kwenye joto. Karatasi za ukaguzi wa gesi pia uzione. Ujerumani mfumo huo hukaguliwa kila baada ya miaka miwili.

Jaribio la masaa matatu

Hili hamtaliona kwenye katalogi yoyote. Ombeni mkae ndani ya gari masaa matatu, likiwa limesimama. Mmoja apike, mwingine apite kwenda kuoga. Laleni wote wawili. Mmoja asome taa ikiwa imewashwa, mwingine ajaribu kusinzia. Fungeni mlango wa choo mzungumzie mtakavyoishi nacho, maana mlango wenyewe ni mwembamba na mapenzi yana mipaka! Mkiweza, kodini gari la aina hiyo wikiendi nzima kabla ya kununua.

Sisi tulifanya hivyo kwenye vani ya mita 6.36 yenye umri wa miaka minane. Haikuwa na televisheni. Mvua ilianza kunyesha juu ya bati, mume wangu akalala usingizi mzito saa nane mchana, mimi nikakaa kwenye kiti cha mbele nikitazama vilima. Niligundua kwamba tulikuwa mahali pamoja, wote macho au wote wamelala, hakuna anayekimbilia zamu. Tulikuwa hatujapata mchana wa namna hiyo kwa miezi mingi.

Bei yake iliingia ndani ya nusu yetu. Nusu iliyobaki imekwenda Tanga, na fundi ameshapandisha kuta juu ya lenta. Mama sasa ana ombi moja tu: tumpigie picha kila tunapolala.

Kwa hiyo wapenzi, kabla ya kusaini, muulizane jambo moja: kati yenu, nani atalala wapi, na ataamkaje bila kumwamsha mwenzake? Gari litakalojibu vizuri swali hilo, likawa kavu na likabeba uzito wenu, ndilo lenu. Rangi ya mapazia mtabadilisha wenyewe. Safari njema!