Nguzo za Kwenye Kabati

Nyumbani kwa bibi, Temeke, palikuwa na kabati la vioo. Ndani yake mlikuwa na vikombe ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuvinywea, sahani sita za maua, na mbele ya sahani hizo, imeegemezwa, kadi moja ya posta. Picha yake ilikuwa ya nguzo nyeupe zilizosimama juu ya mwamba, bahari chini yake, jua linazama. Kadi hiyo aliileta mjomba wangu kwa posta mwaka 1995. Nyuma aliandika maneno matano tu: "Hapa ni Ugiriki. Mimi mzima."

Bibi alikuwa hajui kusoma, lakini maneno hayo matano aliyajua kwa moyo. Mgeni akija, kabla hajapewa hata maji ya kunywa, kadi inashushwa. "Mwanangu huyo, yuko majuu. Anakaa pale." Sisi wajukuu tulikuwa tunaulizana chinichini: anakaaje kwenye nyumba isiyo na paa? Kaka yangu, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu, akasema Ulaya hakuna mvua. Tukaridhika.

Mjomba alizamia meli mwaka 1994. Ndugu msomaji, kama umekulia Dar huhitaji kuelezwa. Vijana walikuwa wanashinda karibu na bandari, wanazijua meli kwa majina na kwa bendera, nani anakwenda Durban na nani anakwenda Piraeus, na usiku mmoja mtu anatoweka. Yeye alikuwa na miaka 22. Bibi aliambiwa baada ya siku tatu, na kijana aliyekuwa azame naye akaingiwa na woga kwenye kamba. Bibi alikuwa muuza samaki wa kukaanga. Kila alfajiri alikwenda Feri na beseni lake, na kila alfajiri, kabla hajauliza bei ya samaki, alisimama kidogo anaangalia mlango wa bahari. Mama alinisimulia hilo. Mimi nilimkuta bibi ameshazeeka, hatoki, anaangalia kabati.

Alifariki mwaka 2009. Mjomba hakuja. Alipiga simu siku ya tatu ya msiba, mama akapokea, wakasemezana maneno ambayo mpaka leo sijaambiwa, na tangu siku ile dada na kaka hawakuzungumza tena.

Basi Oktoba 2023 mimi nikapata bahati ya kwenda Athens kwa mafunzo ya wiki mbili. Usiku wa kuamkia safari mama aliingia chumbani, akaketi kitandani, akanipa namba ya simu aliyoipata kwa mtu, na ile kadi, imefungwa kwenye nailoni.

"Mpe mwenyewe. Halafu umuulize."

"Nimuulize nini mama?"

"We muulize tu. Atajua."

Nilimkuta mtaa wa Kypseli, kwenye chumba cha chini ambacho dirisha lake linaona miguu ya wapita njia. Mtu wa miaka 51, anachechemea kidogo, amevaa kofia ya sufi na joto lote lile. Nilipomwamkia alinishika mkono hakuuachia. Kiswahili chake kilikuwa kimesimama mwaka 1994. Aliniambia mambo "shega", akaniuliza habari za watu ambao wengine wameshakufa na wengine sasa ni wazee wa msikiti. Nikampa kadi. Akaifungua nailoni taratibu, akaitazama picha, akacheka mpaka akakohoa.

"Hapa? Hapa mimi sijawahi kufika, mjomba."

Kumbe aliinunua kwenye kibanda cha magazeti pale Omonia. Ndiyo iliyokuwa ya bei rahisi kuliko zote. Kutoka kwenye kibanda kile mpaka kwenye nguzo zile ni kilomita kama 70, na miaka 28 ilikuwa imepita. Kila kazi aliyofanya ilikuwa upande mwingine wa mji, na siku ya kupumzika mtu asiye na karatasi hapandi basi kwenda kutazama mawe. Baadaye karatasi alizipata, lakini hamu ilikuwa imekwisha.

Sikumuuliza siku ile. Nilikata tiketi mbili za kigari kinachopeleka watu wachache Sounion kutazama jua likizama. Akakataa, akasema hiyo ni hela ya kuchezea. Nikamwambia nimeshalipa. Huo ulikuwa uongo, nikautimiza nilipofika hotelini.

Tuliondoka Jumamosi saa tisa alasiri. Tulikuwa abiria wanane: bibi na bwana wa Kanada, wastaafu, wasichana wawili wa Kikorea, Mjerumani mmoja na kamera yenye pua ndefu, mama mmoja ambaye hakusema neno safari nzima, na sisi. Mwongozaji alikuwa binti wa Kigiriki, akieleza kwa Kiingereza. Mjomba Kiingereza chake ni cha bandarini, kwa hiyo mimi nilikuwa namtafsiria, na yeye akitaka kuuliza jambo anauliza kwa Kigiriki, jambo lililomshtua yule binti mara ya kwanza mpaka akaacha sentensi katikati.

Barabara yenyewe inafuata pwani. Glyfada, Vouliagmeni, Varkiza, Lagonissi. Upande mmoja mahoteli na majumba, upande wa pili maji ya buluu yasiyo na mawimbi, na mimi mtoto wa pwani nilijiona nimedanganywa: hii bahari haina harufu! Haina mikoko, haina matope, haina maji kupwa yanayokwenda mpaka unaona miamba. Mjomba akasema utaizoea, ni bahari ya watu wasiovua. Nadhani hakuwatendea haki, maana mbele kidogo tulipita vijiboti vya wavuvi, lakini sikubishana na mkubwa.

Kisha nikaziona. Gari lilipinda kona, na juu ya rasi, zikasimama. Nilimtazama mjomba. Alikuwa ameitoa kadi mfukoni, anaishika mbele ya kioo, anazilinganisha, kama karani anayekagua kitambulisho.

Hekalu hilo lilikuwa la Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki wa kale. Liko mita kama 60 juu ya maji, kwenye ncha ya mwisho ya nchi ya Attika, na baharia aliyekuwa anarudi Athens alijua amefika nyumbani akiliona. La kwanza, ambalo ujenzi wake ulikuwa umeanza tu, Waajemi walilibomoa mwaka 480 kabla ya Kristo. Hili tunaloliona lilijengwa baadaye, kati ya mwaka 444 na 440, zama za Perikles. Nguzo zilikuwa 34. Zilizobaki ni chini ya nusu, kila moja urefu wa mita sita na ushei. Marumaru yake yalichimbwa hapohapo karibu, Agrileza, na hayana chuma ndani yake, ndiyo maana hayageuki rangi ya asali kama yale ya Akropoli. Yanabaki meupe. Tena ukihesabu michirizi iliyochongwa kwenye kila nguzo utapata 16, wakati desturi ilikuwa 20. Husemwa kwamba waliipunguza ili upepo wa chumvi usiyale mawe haraka. Hapo fundi yeyote wa kwetu aliyejenga nyumba karibu na bahari angetikisa kichwa kukubali.

Kuna kamba, huruhusiwi kusogea. Kwenye jiwe mojawapo limechongwa jina la mshairi Byron wa Uingereza, aliyezunguka nchi ile mwaka 1810. Watu wengi wanakuja kwa ajili ya jina hilo tu. Mimi shuleni nilichapwa fimbo nne kwa kuandika jina langu kwenye dawati, na mpaka sasa hakuna mtalii aliyekuja kulitazama. Enyi waandishi wenzangu, tuandike kwenye karatasi.

Binti akatuonyesha upande wa kaskazini, kwenye vilima vya Laurio. Akasema huko ndiko walikochimba fedha, na fedha hiyo ndiyo iliyotengeneza manowari zilizowashinda Waajemi pale Salamis. Wakanada wakatikisa vichwa. Mjomba akauliza kitu kwa Kigiriki. Binti akasita kidogo, akamjibu, jibu refu. Nikamuuliza mjomba, umeuliza nini?

"Nimemuuliza nani alikuwa anashuka shimoni."

Watumwa, ndilo jibu. Maelfu kwa maelfu, kwenye mashimo membamba ambayo mtu anaingia kwa kutambaa. Na mwishoni mwa karne ya 2 kabla ya Kristo waliasi, wakawaua walinzi wao, wakaja wakaiteka ngome ya hapahapa Sounion, wakaishikilia muda mrefu wakipora mashamba ya mabwana. Hapahapa tuliposimama na kamera zetu.

"Hiyo kwenye kadi haimo," akasema mjomba.

Yeye alianzia Perama, kwenye karakana za meli. Kazi yake ilikuwa kukwangua kutu tumboni mwa meli, ndani ya matangi, kitambaa mdomoni. Aliyakuta haya kwa miguu yake mwenyewe, hakuwa na haja ya mtafsiri. Mwaka 1998, serikali ya kule ilipofungua daftari la kuwaandikisha wahamiaji kwa mara ya kwanza, alipata kadi nyeupe ya muda. Ili upate ile ya kijani ulitakiwa uonyeshe stempu za bima za kazi, na bosi wake alikuwa hajamgongea hata moja. Akarudi gizani. Akajenga kwa vibarua kabla ya Olimpiki ya 2004. Goti aliumia huko.

Saa kumi na mbili jioni upepo ukaanza. Watu wakaenda kukaa juu ya mawe upande wa magharibi. Hapo ndipo binti akatueleza hadithi ya mfalme Aegeus. Mwanawe, Theseus, alikwenda Krete kupigana na dude lenye kichwa cha ng'ombe. Walikubaliana kwamba akirudi salama atapandisha matanga meupe, na kama amekufa, meli irudi na matanga yake meusi. Kijana akashinda, akasahau kubadilisha. Mzee amekaa hapa juu ya rasi anangoja, akaona meusi, akajitupa. Ndiyo bahari ikaitwa Aegean.

Mimi natafsiri, maneno yanatoka tu. Nikasema: "Baba akaona matanga meusi."

"Matanga ya nani?" akauliza mjomba kwa haraka.

"Matanga ya meli, mjomba."

"Ahaa."

Tukacheka. Kisha hatukucheka. Nimezaliwa ndani ya lugha hii na sikuwahi kufikiri kwamba kitu kinachosukuma jahazi na siku tunazolala chini nyumbani kwa marehemu tunaviita kwa jina moja. Jua lilikuwa limeshuka mpaka karibu na milima ya ng'ambo ya ghuba, marumaru yakawa rangi ya waridi, na Mjerumani akawa anapiga picha mfululizo kama bunduki. Nikaona ndiyo saa yenyewe.

"Mama kanituma nikuulize."

Hakuuliza nimuulize nini.

"Huyo kijana," akasema, "alikuwa mzima akasahau kubadilisha. Mimi nilipoandika hii kadi nalala bustanini, Pedion tou Areos, chini ya mti, na kikohozi. Nikaandika mimi mzima. Ningeandika nini, mjomba? Mama anasomewa barua mbele ya majirani. Sasa ukishaandika mimi mzima, mwakani huwezi kuandika niletee nauli. Mwaka wa pili ndiyo kabisa. Karatasi nilipopata, mwaka 2005, nikasema nirudi na kitu mkononi, hata cha kuanzia kibanda. Nikaweka akiba. Goti likala akiba. Na 2009..." Akanyamaza. "Ile 2009 hela ya tiketi nilikuwa nayo. Mwambie mama yako. Nilikuwa nayo. Niliona haya kufika mikono mitupu kwenye kaburi."

Sikuwa na la kusema. Ukweli ni kwamba nilikasirika. Nilimwona bibi na beseni lake, nikataka kumwambia hakuna aliyekuwa anangoja kibanda. Lakini nilikuwa nimeishi ughaibuni siku kumi na moja tu, nalipiwa hoteli, na tayari nilikuwa nimempigia mama kumwambia chakula ni kizuri, wakati nilikuwa nashindia mkate.

Jua likazama. Watu wakapiga makofi, jambo ambalo sijalielewa mpaka leo, unampigia nani? Walinzi wakapuliza filimbi, twende, twende, panafungwa. Mjomba alikuwa wa mwisho kushuka kwa sababu ya goti. Alisimama kwenye kamba akaangalia nguzo moja kwa muda, akanyoosha mkono, akakumbuka, akaurudisha mfukoni.

Garini giza. Wasichana wa Kikorea walilala wakiegemeana. Mjomba aliniomba kalamu, akaigeuza kadi juu ya goti lake zima, akaandika kitu chini ya maneno yale matano, polepole, gari linamrusha. Akaniambia hii sasa inabaki kwangu.

Tulipofika maeneo ya Varkiza simu yangu ikalia. Mama. Dar ilikuwa inakaribia saa mbili na nusu usiku.

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza."

"Kasemaje?"

Nikamtazama mjomba. Alikuwa ameisikia sauti, maana mama akizungumza na simu ya nje hupiga kelele kama anaita mtu ng'ambo ya mto. Alivua kofia. Nikampa simu, akaipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo dada," akasema. Dereva akapunguza redio.