Maneno Manane ya Kumlea Kilebu

Kiswahili kina neno zuri ambalo wengi wetu tumeliacha likae kamusini bila kazi: kilebu. Maana yake ni mtoto wa mbwa. Huenda tumelisahau, lakini maneno yanayolieleza hatukuyasahau, kwa kuwa yamegeuka kuwa tusi. Mtu akiyatamka barazani, watu hugeuza vichwa watazame nani anagombana na nani. Mimi nalihitaji neno hilo sasa. Baada ya wiki tatu, Mungu akipenda, kilebu wa kike wa jamii ya mbwa wachungaji wa Kijerumani ataingia nyumbani kwangu hapa Muheza. Yeye atakuwa na umri wa wiki nane. Mimi nina miaka 66.

Wanangu wamelipokea jambo hili kwa adabu, ingawa si kwa furaha. Binti yangu wa kwanza, anayeishi Dodoma, aliniuliza kwa simu: "Mama, mbwa huyo akishakua utamzuia kwa nini?" Hakuuliza kwa dharau. Anaujua mkono wangu wa kulia, ambao siku za baridi hushindwa hata kufungua kifuniko cha chupa ya chai.

Swali lake lina vichwa viwili, kama maswali mengi ya lugha yetu. Kwa nini ni kuuliza sababu. Kwa nini pia ni kuuliza chombo, yaani kwa kitu gani. Sababu naweza kuieleza kwa ufupi. Tangu mume wangu alipofariki, miaka minne iliyopita, nyumba hii tunaishi wawili, mimi na mjukuu wangu wa miaka 14, naye mchana kutwa yuko shuleni. Alfajiri natembea peke yangu kwenda kwenye michungwa yangu. Usiku nasikia kila jani linaloanguka batini. Nataka kiumbe wa kutembea nami, na wa kusikia kwa niaba yangu ili mimi nilale.

Kichwa cha pili cha swali ndicho kigumu. Mbwa jike wa jamii hii hufikia kilo 22 hadi 32. Dume hufika hata kilo 40. Ndiyo maana nimechagua jike. Hata hivyo, akifika miezi sita tu aweza kupita kilo 20, akiwa bado na akili ya kitoto. Mbwa wa namna hiyo akimwona paka ng'ambo ya barabara, kamba haitamzuia. Kamba itanivuta mimi. Kwa mtu wa umri wangu, kuanguka mara moja na kuvunjika nyonga ni jambo linaloweza kumaliza habari yote. Nikamjibu binti yangu kwamba nitamzuia kwa neno. Alicheka. Lakini sikuwa nafanya mzaha, na kazi yangu ya miezi hii miwili imekuwa kulitengeneza jibu hilo.

Mbwa hawa walikusudiwa kufuata neno. Ofisa mmoja wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, ndiye aliyeanzisha chama chao mwaka 1899, akamwandikisha mbwa wa kwanza aliyeitwa Horand von Grafrath. Alitaka mbwa wa kazi, wa kuchunga kondoo, anayemtazama bwana wake na kungoja ishara. Kilebu wangu hatachunga kondoo, lakini kile kipaji cha kutega sikio atakuja nacho. Swali ni mimi nitamtilia nini katika sikio hilo.

Hapa ndipo ninapokumbuka Chuo cha Ualimu Korogwe. Katika somo la saikolojia ya elimu tulisoma habari za Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya mmeng'enyo wa chakula. Mbwa wake walidondokwa na mate kabla chakula hakijawagusa ulimi, kwa kuwa walikwisha kuijua ishara iliyokitangulia. Tulifundishwa habari za mbwa ili tuwaelewe watoto. Sasa nalirudisha somo kwa mwenyewe. Neno litatangulia, tendo litafuata, na papo hapo, kabla sekunde mbili hazijapita, kipande cha ini lililochemshwa kitafika mdomoni. Nikichelewa, nitakuwa nimelipa tendo jingine.

Fimbo haimo katika maandalizi yangu. Mbwa apigwaye hujifunza kuuogopa mkono, na mkono huohuo ndio utakaomkagua kupe masikioni na kumshika mbele ya daktari wa mifugo. Isitoshe, fimbo ni hesabu ya nguvu, na katika hesabu hiyo mimi ndiye ninayepungua kila mwaka, naye ndiye anayeongezeka. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Sihitaji mbwa mkali. Basi heri nianze kwa kujitazama mwenyewe.

Watu wengi hapa kwetu huwaamrisha mbwa kwa Kiingereza, hata wale ambao lugha hiyo hawaitumii kwa jambo jingine lolote. Mimi nimeamua kwamba mbwa wangu atalelewa kwa Kiswahili, lugha inayosemwa na kila mtu atakayekutana naye. Lakini nilipokaa na kalamu nikagundua kwamba lugha yetu tajiri humtaka mlezi wa mbwa awe bahili.

Tazama neno kaa. Kwa Kiswahili ni kuketi, ni kubaki, ni kuishi. Ukiliacha likiwa nomino, ni kipande cha mkaa, au mnyama wa pwani atembeaye upande. Mwanadamu hulichagulia maana kutokana na mazingira. Kilebu hana muda huo. Nimeligawa: kushusha makalio ni keti, kubaki mahali hata nikienda mbali ni subiri. Ngoja nimeliacha, kwa sababu linagongana na njoo masikioni, na maana zake ni kinyume kabisa. Njoo lenyewe ni lulu. Sisi walimu wa sarufi tumezoea kulitaja pamoja na nenda na lete kama amri zinazokiuka kanuni. Kwa mbwa, ukiukaji huo ni faida: hakuna neno jingine katika orodha yangu linalofanana nalo, na mlio wake mrefu wa mwisho husikika hadi mwisho wa shamba.

Kumwambia alaze tumbo sakafuni ni lala. Kutembea ubavuni pangu bila kuvuta kamba ni kando. Kuachia alichokiuma nilitaka kusema achia, nikaona litachanganyika na acha, ambalo kila mtu nyumbani hulisema mara mia kwa siku, nikachukua tema. La mwisho ni haya, neno la ruhusa: kazi imekwisha, nenda ukacheze. Hayo ni saba.

La nane lilinisumbua kuliko yote. Mbwa mkubwa akimrukia mtu mzima kwa furaha, mtu huanguka. Ulimi wetu hukimbilia kusema usiruke. Lakini ukanushi wa Kiswahili hukaa mwanzoni mwa neno, katika kiambishi chembamba, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mbwa atasikia ruke, na akifundishwa kuruka kizingiti siku moja, atatii kwa bidii kosa ninalomkataza. Kwa hiyo simkatazi. Namwambia la kufanya. Neno ni chini: miguu yote minne ardhini. Nimegundua kwamba katazo nyingi za nyumbani zaweza kugeuzwa hivyo, na si kwa mbwa peke yake.

Hata jina limepitia usaili. Wazee wa kwetu walipenda kumpa mbwa jina la kumsuta jirani. Utotoni nilimjua mbwa aliyeitwa Mtasema. Mjukuu wangu alipendekeza Shani, nikamwonyesha kwamba linafanana na chini. Akaleta Pendo, likagongana na kando. Mwishowe tumemwita Bibo, tunda la mkorosho: silabi mbili, nyepesi kwa ulimi, na halifanani na amri yoyote.

Jirani yangu wa ua wa pili ni Mwislamu mcha Mungu, na urafiki wetu umepita miaka ishirini. Nilimwendea kabla sijalipia chochote. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwangu mimi ulimi wa Bibo utakuwa salamu. Kwake yeye utakuwa kazi ya kujitoharisha kabla ya sala. Akaniambia, "Mwalimu, umlete. Ila udenda wake usivuke ua."

"Hautavuka, dada," nikasema.

"Na ile methali unaijua. Mcheza na mbwa humwingia msikitini."

Naijua, na nimeifundisha. Ukiisikiliza vizuri, methali hiyo haimlaumu mbwa. Inamlaumu mchezaji ambaye hakumwekea mpaka. Nimetengeneza lango jipya lenye komeo, na wageni watakapobisha hodi Bibo ataketi na kusubiri mbali na lango mpaka wapite. Kwa mbwa ni amri mbili tu. Kwa jirani yangu ni heshima.

Maandalizi mengine si ya lugha, lakini nayo yana sababu zake. Sakafu yangu ya saruji inateleza, na kilebu wa mbwa mkubwa ana nyonga zinazoumbika kwa muda mrefu. Nimetandika majamvi njia nzima ya kwenda uani. Mifupa yake itaendelea kukomaa hadi kama mwaka mmoja na nusu, kwa hiyo hataruka ngazi wala kukimbizwa mwendo mrefu, na hatalishwa kwa haraka ili anenepe. Ugali mtupu hautamkuza. Mifupa iliyopikwa haitafika mdomoni mwake, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha, wala vitunguu, ambavyo huharibu damu ya mbwa. Chanjo zitafuatana hadi karibu wiki ya kumi na sita, na ile ya kichaa cha mbwa atachomwa akifika miezi mitatu, kisha itarudiwa kama daktari atakavyopanga. Watoto wa mtaa mzima hupita langoni kwangu. Chanjo hiyo ni haki yao kuliko ilivyo yangu.

Samaki mkunje angali mbichi. Kipindi ambacho kilebu huizoea dunia bila woga huanza wiki ya tatu na kufungwa karibu wiki ya kumi na nne. Hapo pana mtihani, kwa maana chanjo zitakuwa hazijakamilika, na udongo waliopita mbwa wengine waweza kuwa na ugonjwa. Njia tuliyoipata ni kumbeba. Mjukuu atampakata hadi kituo cha mabasi, sokoni na jirani na shule, asikie honi, aone miavuli, kanzu, baiskeli na mbuzi, bila kukanyaga chini. Mimi nitampakata wiki za mwanzo tu. Baada ya hapo atakuwa mzito kwangu.

Limebaki jambo ambalo binti yangu hakuliuliza, kwa kuwa ni mtoto mwenye adabu. Mbwa wa jamii hii huishi miaka tisa hadi kumi na mitatu. Jumlisha na 66. Huenda Bibo atanizika, na mtu anayemleta kilebu nyumbani katika umri wangu hana budi kuifanya hesabu hiyo kabla ya kununua bakuli. Nimeifanya. Nimezungumza na binti yangu, naye amekubali kumchukua, si kwa kuniridhisha bali baada ya siku nne za kufikiri. Nimemtumia orodha ya maneno yote manane, kila moja na tendo lake, ili siku hiyo ikifika mbwa asiwe mgeni mara mbili, wa nyumba na wa lugha. Hata akikosa sauti yangu, maneno atayakuta Dodoma yakimngoja.

Kwa ajili ya mjukuu, ambaye hupenda kukariri kuliko kusoma orodha, nimetunga ubeti na kuubandika mlangoni mwa jiko:

Nane nimeyachagua, ya kumlea kilebu,
Neno moja hutambua, ukisema taratibu,
Mengi yatamsumbua, akose hata kujibu,
Nguvu zikinipungua, neno litamuadibu.

Kwa miaka 34 niliishi kwa wingi wa maneno. Nilieleza, nikarudia, nikatoa mfano, nikauliza kama wameelewa, nikaeleza tena. Sasa natakiwa kusema keti mara moja, kisha ninyamaze na kungoja, kwa sababu nikisema keti, keti, keti, Bibo atajifunza kwamba amri hiyo ina silabi sita. Nafanya mazoezi jioni mbele ya kiti kitupu. Mjukuu hunisahihisha kila ninaposema ketini, maana ulimi wa darasani bado unaona wanafunzi arobaini.

Orodha haijafungwa. Neno tema bado lina shaka kidogo moyoni mwangu, kwa kuwa hatutemi kiatu kama tunavyotema mate. Kama kwenu Pemba, Lamu au Kigoma pana neno fupi zaidi la kumwambia mbwa aachie alichokiuma, niandikie. Tuna wiki tatu.