Daftari la Mlangoni

Mwaka 2006 maabara ya kompyuta ya chuo chetu ilikuwa na daftari la jalada gumu, na kalamu yake imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza isiibwe. Kila aliyeingia aliandika jina, namba ya usajili, namba ya mashine na saa. Juu ya paa kulikuwa na dishi la setilaiti, na chuo kizima kilinyonya intaneti kwa mrija mmoja wa kilobiti 512 kwa sekunde. Mshika mrija nilikuwa mimi.

Kati ya dishi na watu niliweka mashine ya Linux yenye Squid, programu ya proksi iliyotoka kwenye mradi wa Harvest miaka ya 1990. Maombi yote ya kurasa yalipita kwake, mlango namba 3128. Ukurasa aliokwisha kuusoma mwenzako asubuhi, wewe uliupata kwenye akiba ya Squid bila kupanda tena angani. Kuhusu ruhusa, Squid iliangalia anwani ya mashine tu. Ikiwa ya kwetu, pita.

Jumatatu moja tulikuta intaneti inatambaa. Logi za Squid zilionyesha kwamba mashine namba 14 imekuwa ikishusha filamu tangu Jumamosi jioni. Nikafungua daftari. Mashine 14, saa kumi na moja jioni: "Mnyama wa Msimbazi". Namba ya usajili: 1936, mwaka ilipoanzishwa klabu ya Simba. Nilicheka, kisha nikakasirika.

Nikaamua kila mtu awe na jina na nywila ya proksi, nikaviweka kwenye faili moja ndani ya seva. Hapo nilijitafutia kazi. Foleni ilianza dirishani kwangu kabla ya chai. "Kaka, samahani, nimesahau paswedi." Mtu alikuwa na nywila ya barua pepe, ya mafaili, ya matokeo, na sasa ya kwangu. Waliohitimu waliondoka, majina yao yakabaki, na wadogo zao wakayarithi.

Aliyenifungua macho ni mhadhiri mmoja wa makamo, tuliyemwita Mwalimu tu. Nilimwamkia, akaitikia huku akiitazama foleni. "Mwanangu, mbona unawaandikisha watu mara ya pili? Si wameshaandikwa kwenye saraka ya barua pepe?"

Saraka hiyo ilikuwa OpenLDAP. Lugha yake, LDAP, ilitungwa Chuo Kikuu cha Michigan mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili kurahisisha saraka nzito za X.500. Squid yenyewe haikuwa na haja ya kuijua, kwa sababu ilikuwa na mjumbe: programu ndogo iitwayo squid_ldap_auth. Squid humpa mjumbe mstari mmoja wenye jina na nywila. Mjumbe huenda kwenye saraka, akamtafuta mwenye jina hilo, kisha akajaribu kuingia kwa jina kamili alilolipata na nywila aliyopewa. Saraka ikikubali, mjumbe hurudi na neno OK. Ikikataa, ERR. Squid haioni daftari lenyewe, inasikia jibu tu.

Nilimjaribu mjumbe kwa mkono usiku. Niliandika jina langu, nafasi, nywila. ERR. Nikarudia polepole, herufi kwa herufi. ERR. Karibu saa sita ndipo nilipoona kwamba nimemwelekeza kwenye tawi la wanafunzi, nami nimeandikwa tawi la wafanyakazi. Nilikuwa najitafuta kwenye bweni la watu. Nikapandisha utafutaji hadi kwenye shina. OK.

Kesho yake hakuna aliyelalamika, nikajipongeza. Jioni nikagundua kwamba hakuna aliyeulizwa chochote. Squid husoma masharti kutoka juu kwenda chini na kufuata la kwanza linalolingana, nami nilikuwa nimeuacha mstari wa zamani wa kuruhusu mtandao wote juu ya ule wa kudai jina. Niliposhusha mmoja na kupandisha mwingine, vivinjari vyote vikatoa kisanduku cha kuulizia jina, na simu yangu ikaanza kulia.

Foleni ya dirishani ilikwisha. Lakini nywila moja sasa ilifungua zaidi ya mlango mmoja, na kwa njia ile ya awali ilisafiri ikiwa imefunikwa kwa kanga tu: anayejua kusikiliza mtandao aliisoma. Tukahamia Kerberos, ambayo hutumia tiketi badala ya kuipitisha nywila. Yenyewe kwa kawaida hudai saa za mashine zisipishane zaidi ya dakika tano. Umeme ukikatika, mashine zenye betri chakavu ziliamka zikidhani ni mwaka 2002, na wenye nywila sahihi wakafungiwa nje.

Jambo ambalo sikulifikiria kabisa ni logi. Zamani zilisema 192.168.1.14. Sasa zilisema majina. Usiku mmoja nikitafuta hitilafu niliona jina la binti ninayemfahamu, na karibu nalo, saa nane usiku, kurasa tano mfululizo za maswali kuhusu virusi vya Ukimwi. Nilifunga skrini kana kwamba nimefungua mlango wa bafu. Haukupita muda, mkubwa mmoja akaniomba "orodha ya anayoyasoma" mfanyakazi fulani. Nikamwambia, "Bosi, niletee barua." Barua haikuja. Mwizi wa filamu nilitaka kumjua, lakini daftari nililolijenga lilikuwa linawajua wote.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, na miaka iliyofuata mrija wetu ukawa bomba. Kurasa nyingi zikahamia HTTPS, proksi ikabaki kuona jina la tovuti bila kilichomo. Tukaizima. Saraka haikuzimwa. Leo mtu akiunganisha simu kwenye Wi-Fi ya chuo, seva ya RADIUS huiuliza saraka ile ile.

Daftari la jalada gumu bado ninalo kabatini. Siku moja, kwa utani, niliandika kwenye saraka amri ya kumtafuta Mnyama. Ilirudi mara moja, mikono mitupu.