Dereva Anayekimbia

Wenzangu wa kitivo wakizungumzia The Texas Chain Saw Massacre, filamu ya Tobe Hooper ya mwaka 1974, huanza na msumeno. Kisha huja lawama ile ile: imeacha mambo mengi hewani. Redio inatangaza makaburi yaliyofukuliwa, Sally na kaka yake Franklin wanakwenda na rafiki zao kuangalia kaburi la babu yao, halafu kaburi hilo linasahaulika. Hata undugu wa wauaji haueleweki. Yule mzee wa kituo cha mafuta ni baba yao au ni yaya yao? Atakayeitafsiri kwa Kiswahili atakwama hapo, maana kwetu huwezi kumwita mkubwa wako bila kusema ni nani kwako. Jina la ukoo, Sawyer, lilikuja na sehemu ya pili, mwaka 1986.

Hayo nayasamehe. Lisiloniacha ni lori la ng'ombe.

Asubuhi Sally anatoroka hadi barabarani, damu mwili mzima. Lori linamkanyaga mmoja wa wauaji. Dereva, mtu mweusi, anashuka, anampandisha Sally, msumeno unapiga mlango, wanatokea upande wa pili. Anamtupia muuaji spana kichwani, kisha anakimbia. Gari jingine linamchukua Sally, peke yake. Dereva hatumwoni tena, na katika mijadala yetu sijasikia mtu akimuulizia.

Darasani tunafundishwa kwamba -ka- hufuatanisha matendo: akashuka, akatupa, akakimbia. Msikilizaji hubaki akingoja -ka- nyingine.

Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori. Nilipokuwa na miaka tisa alipakia unga hapa Lubumbashi, akaaga, akashika njia ya Kalemie. Hakuna mwili uliopatikana, kwa hiyo hakuna matanga. Tangu nianze isimu nimekuwa nikisikiliza jinsi anavyotajwa nyumbani (najua si adabu sana). Mama hasemi “marehemu”. Hatumii hata wakati uliopita: “Kaka yangu anapenda chumvi.” Mke wake haitwi mjane. Watoto husema baba yuko safarini, na mdogo wao sasa ana miaka kumi na sita. Sarufi ya familia nzima imejipanga kumzunguka mtu mmoja, na hakuna aliyeitunga.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba dereva wa Hooper ni kasoro ya uandishi, huwa nasita. Huenda ni kasoro kweli. Ila ukoo wa wauaji, na meza yao ya mifupa, sijawahi kuuona popote nje ya sinema. Mtu aliyeonekana mara ya mwisho barabarani namjua.

Mwaka jana wazee walikutana kuzungumzia kiwanja cha mjomba. Mmoja alianza kusema “alikuwa ametuachia”, akakatiza, akaomba maji. Kikao kiliahirishwa, na tarehe nyingine haijapangwa.