Jela Iliyogeuka Shule ya Uongozi



Katika mikutano yetu ya siku ya posho, neno moja limerudi mara nyingi mwaka huu: masta ya biashara na uongozi wa kimataifa. Wengine wameona tangazo lake kwenye simu, wengine wanasikia watoto wao wakubwa wakilitaja. Swali ni lilelile: masomo hayo ni ya nani? Mama mwenye watoto na kazi anaweza kuyafikia?

Katika likizo kubwa nilikwenda Cape Town, Afrika ya Kusini, kumsalimia mdogo wangu anayeishi kule. Jirani yetu mmoja wa hapa Lubumbashi, mama wa watoto watatu, mhasibu kwa kazi yake, anasoma masomo hayo katika mji uleule. Yeye alikwenda kwa ndege, mimi kwa basi, tukakutana huko. Nimewaletea niliyoyaona.

Njia yenyewe ilianza kunifundisha mapema. Kutoka hapa hadi mpaka wa Kasumbalesa ni karibu kilomita 90. Pale makamio yamepangana, yamejaa shaba iliyofungwa vizuri, yanangoja karatasi za duane. Pembeni wamama wanavuka kwa miguu na unga, mafuta na vitenge. Shaba ile imechimbwa kwetu, Kolwezi na Likasi. Inateremka hadi bandari kama Durban na Dar es Salaam, halafu inapanda meli. Bei yake haipangwi Kolwezi. Inafuata Soko la Metali la London, lililoanza mwaka 1877. Nikajiuliza: kati ya watu wote wanaoishika shaba hii njiani, ni wangapi wanaokaa kwenye meza ya kupanga bei?

Zambia haikuwa ugeni. Chililabombwe, Chingola, Kitwe: watu wanasema Kibemba, nasi tunakielewa. Baadaye lugha zikabadilika, mito ikapita, tukavuka Limpopo, na siku ya tatu tukafika Johannesburg. Kutoka hapo hadi Cape Town kuna karibu kilomita 1 400, na sehemu kubwa ni nchi kavu ya Karoo: mawe, vichaka vifupi, kondoo, anga. Mwishoni unaona mlima uliokatwa juu kama meza, na chini yake bahari.

Siku ya pili jirani yetu alinipeleka shuleni kwake. Ni Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Chuo kikuu kilianza mwaka 1829, shule ya biashara mwaka 1964. Nilitazamia jumba la vioo. Nikaona kuta nene, minara pembeni na ua katikati. Akacheka akaniambia: « Dada mwalimu, hapa palikuwa jela. »

Ni kweli. Zamani bandari ya Cape Town haikuwa na kinga, na dhoruba za wakati wa baridi zilivunja meli nyingi. Serikali ya Waingereza ikaamua kujenga ukuta wa mawe baharini. Tarehe 17 Septemba 1860, Prince Alfred, mtoto wa malkia Victoria, kijana wa miaka 16, alimwaga mzigo wa kwanza wa mawe. Mizigo iliyofuata ilikuwa kazi ya wafungwa. Kwa ajili yao ilijengwa jela ya Breakwater, maana yake ukuta wa kuvunja mawimbi. Watu walivunja mawe na kuyabeba, mwaka baada ya mwaka. Leo bandari hiyo inaitwa kwa majina ya malkia na mtoto wake, imejaa maduka na watalii. Shule ya biashara iliingia katika majengo ya jela katika miaka ya 1990, na sehemu nyingine ni hoteli.

Kuna kitu kimoja kimehifadhiwa pale: gurudumu kubwa la ngazi. Mfungwa aliyeadhibiwa alipandishwa juu yake. Kila akikanyaga ngazi, gurudumu linazunguka, na ngazi nyingine inamjia. Akisimama, inampiga miguuni. Alipanda saa nzima na kubaki palepale. Nilipoliona niliwafikiria wamama wengi ninaowajua: saa kumi alfajiri yuko kwenye makala, jioni yuko sokoni, usiku anahesabu franga, na mwisho wa mwaka yuko pale alipoanza. Hatukosi nguvu za kupanda. Tunachokosa mara nyingi ni mahali pa kukaa, kuangalia gurudumu lenyewe na kuuliza nani anafaidika likizunguka.

Mmoja wa wafungwa wa jela ile aliitwa //Kabbo. Mistari miwili ya mwanzo ni alama ya sauti ya kugonga ulimi, na jina lake maana yake ni Ndoto. Alikuwa mzee wa kabila la /Xam, watu wa ile nchi kavu tuliyoipita kwa basi, walionyang'anywa ardhi na mawindo. Alifungwa kwa kosa la kuiba mifugo. Mwaka 1871 alitolewa akaishi nyumbani kwa mtaalamu wa lugha Mjerumani, Wilhelm Bleek, ili amfundishe lugha yake. Bleek alifanya kazi hiyo pamoja na shemeji yake, Lucy Lloyd. Bleek alikufa mwaka 1875, na mama yule akaendelea miaka mingi, akisikiliza na kuandika, hadi kitabu kikatoka London mwaka 1911. Mwaka 1913 alipewa udaktari wa heshima, mwanamke wa kwanza kuupata katika Afrika ya Kusini. Leo hakuna tena anayezungumza lugha ya /Xam nyumbani, lakini tangu mwaka 2000 maneno yaliyo kwenye nembo ya taifa la Afrika ya Kusini yameandikwa kwa lugha hiyo. Mzee aliyehesabiwa kuwa mwizi alikuwa mwalimu, na aliyejua kukaa chini na kumsikiliza ndiye aliyepanda.

Sasa, wanasoma nini? Hesabu za biashara, fedha, masoko, uchumi, sheria za kazi, namna ya kuongoza watu wa nchi na lugha mbalimbali. Njia ya kufundisha ilinivutia kama mwalimu. Wanapewa habari ya kampuni moja yenye shida, pamoja na hesabu zake. Usiku wanaisoma kwa vikundi. Asubuhi kila mmoja anaweza kuitwa aeleze angekata shauri gani, na wenzake wampinge. Jirani yetu aliniambia kwamba hesabu hazimsumbui. Kigumu ni kukata shauri wakati habari hazijatosha, mbele ya watu kutoka Nigeria, Kenya na Zimbabwe, halafu kukubali kwamba mwingine ameona vizuri zaidi.

Siku moja walizungumza juu ya mikopo na dhamana. Akawaeleza likelemba yetu: wamama ishirini, kila juma kila mmoja anatoa, mmoja anapokea. Wakamuuliza: anayepokea wa kwanza akikimbia, mnamshitaki wapi? Akajibu: « Hakimbii. Dhamana ni jina lake. » Darasa lilizungumza juu ya jibu hilo hadi saa ikaisha. Nawaambia hivi ili mjue kwamba hatuendi kule mikono mitupu. Na msione haya kuingia darasa la namna ile. Hata Harvard, Marekani, ilianza masta ya biashara mwaka 1908, lakini wanawake hawakupokelewa katika masomo yake kamili ya miaka miwili kabla ya mwaka 1963. Hao nao walikuwa na mama zao.

Lakini nisiwadanganye. Kuna milango, na kila mmoja una ufunguo wake.

Mlango wa kwanza ni diploma. Mimi nina graduati ya ISP, miaka mitatu ya mfumo wa zamani. Kwa masta haitoshi. Lazima nimalize lisansi kwanza. Afrika ya Kusini diploma za nje hupimwa na ofisi ya serikali inayoitwa SAQA, kwa hiyo tunzeni karatasi zenu na alama za kila mwaka. Wa pili ni Kiingereza, kwa sababu Kifaransa chetu hakifungui darasa la kule. Wa tatu ni kazi: shule hizi zinataka mtu aliyefanya kazi miaka kadhaa, na hapa wamama wengi wana cha kuonyesha. Wa nne ni pesa. Minervali inahesabiwa kwa mamia ya maelfu ya randi, na bado nauli, viza na chakula. Jirani yetu aliuza kiwanja, akapokea zamu yake ya likelemba, na kazi hakuiacha: alichagua mpango wa wafanyakazi, anakaa darasani majuma machache, kisha anarudi nyumbani na kuendelea kwa intaneti.

Mlango wa tano uko nyumbani. Mama mkwe alisema kwamba mwanamke anayeacha watoto kwa ajili ya daftari atarudi na kukuta nyumba baridi. Bwana na bibi walikaa, wakapatana, dada wa bwana akaja kulea. Zamani Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mke awe na ruhusa ya mume kwa mambo mengi ya sheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Lakini sheria haipiki bukari wala haimpeleki mtoto shule. Mapatano ndiyo yanayofanya hivyo. Na mtoto wake wa mwisho bado analia kila sanduku linapofungwa. Mama yule haufichi uchungu huo, nami sitauficha.

Niliona upande mwingine pia. Karibu na kwa mdogo wangu, Wacongo wenzetu wanachunga magari kwenye maegesho kwa sarafu. Kati yao kuna wenye lisansi, hata walimu. Walifika na diploma bila lugha, bila karatasi za kukaa, bila mpango. Si watu wajinga. Mtu anayetaka kwenda ajue kabla ya kupanda basi anakwenda kufanya nini, na atarudi na nini. Jirani yetu anajua: anataka siku moja kukaa upande wa wanaoandika mkataba wa makamio yale ya Kasumbalesa.

Kwa kikundi chetu napendekeza mambo mawili, tuyazungumze siku ya posho ijayo. La kwanza, somo la Kiingereza mara mbili kwa juma, jioni. Nitalisimamia bila malipo hadi mwisho wa mwaka wa shule. La pili, sanduku dogo la pembeni, mbali na likelemba, la kumsaidia kila mwaka mama mmoja kumaliza masomo aliyoyakatisha, hata kama ni ya sekondari. Masta iko mbali. Lisansi iko hapa mjini, na darasa la sita ya sekondari liko mtaani kwetu. Kila mmoja aanze na mlango ulio mbele yake.

Mwalimu wenu anawasalimu, ninyi na watoto wote.