Whitman, Minaki na safu ya "waliokwenda"

Huku Maryland, jarida la Bethesda Magazine limezoea kuchapisha jedwali la sekondari za serikali za kaunti yetu ya Montgomery: chuo kwa chuo, shule kwa shule, wangapi waliomba, wangapi walikubaliwa, wangapi walikwenda. Jumamosi kwenye mechi ya watoto, wazazi wawili walilifungua kwenye simu wakawa wanabishana: Whitman au Churchill? Mmoja akasema anafikiria kuuza nyumba ahamie upande wa pili, eti kule wanaingia wengi zaidi vyuo vya Ivy League. Nilikereka hata bao la mwanangu sikulifurahia.

Maana hapa shule ya serikali unaingia kwa anwani. Mwenye nyumba ya dola milioni moja na ushee ndani ya mpaka wa Whitman, mtoto wake anasoma Whitman. Sisi tuliopanga Silver Spring, watoto wetu wanasoma za Silver Spring, basi. Halafu jedwali linasomwa kana kwamba shule ndiyo iliyofanya kazi yote, wakati nyumbani kuna mwalimu wa tuisheni ya SAT na mshauri wa kulipwa anayepitia insha za maombi mstari kwa mstari.

Na kwetu Tanzania, Kibaha je? Ile shule ya pale Tumbi tuliyojengewa na nchi za Nordiki, ikafunguliwa 1965, tukakabidhiwa 1970! Binamu yangu alitoka Maneromango, Kisarawe, kwao ni korosho na mihogo, akapangiwa PCB Kibaha kwa ufaulu wake wa kidato cha nne. Baba mkubwa alichotafuta ni nauli, godoro, ndoo na jembe. Hakuna aliyemuuliza nyumba yake iko mtaa gani. Bwenini mtoto wa Kisarawe alilala kitanda cha juu, wa Bukoba cha chini. Kaka yangu yeye alikwenda Minaki, na ubishi wao wawili, Minaki au Kibaha, haujaisha mpaka leo. Kila msiba, kila harusi.

Najua mtaniambia wenye hela siku hizi wako shule binafsi, Feza na Marian. Kweli kabisa. Ndiyo maana NECTA walipoacha kutangaza kumi bora, Januari 2023, nilishangilia: ile orodha ilishageuka tangazo la biashara.

Lakini ile safu ya "waliokwenda" naitamani kwetu. Sisi tunaishia kwenye divisheni. Binamu alipata wani, Muhimbili wakampokea, na bado ukoo mzima ulichangishana ndipo akafika darasani. Wangapi wa wani yake waliishia njiani?

Kisarawe hiyohiyo, enzi za Jokate Mwegelo akiwa mkuu wa wilaya, ilihesabu sifuri hadharani, ikaipa kampeni jina la Tokomeza Zero, na watu wakachanga. Basi tuwahesabu na wanaosonga mbele. Namba ya mtihani ya kila mtoto inaanza na namba ya shule yake. NECTA wana matokeo, TCU wana majina ya waliodahiliwa. Mzazi wa Mzenga anayesubiri TAMISEMI watangaze kidato cha tano ana haki ya kuona, kwa Minaki na kwa Kibaha: walioomba chuo, waliopata, na waliofika kweli wakasajiliwa.